Presha Haiji na Mvi

Kanja ni soko letu la majani chai, kahawa na ndizi, kati ya Kianjokoma na Runyenjes. Mtu wa miaka sitini akirudi kutoka kliniki na kusema ameambiwa ana presha, hakuna anayeshtuka. Anapewa pole, anaambiwa hayo ni mambo ya uzee, na mazungumzo yanahamia bei ya majani. Anakwenda nyumbani na tembe zake. Jioni githeri inaungwa kama ilivyoungwa jana, na mkono ule ule unachota chumvi kwenye kopo lile lile.

Fikra hiyo, kwamba presha huja na umri sawa na mvi, ndiyo ninayotaka kuibishia. Ina madhara, kwa sababu mtu aliyekubali kwamba ugonjwa ni sehemu ya kuzeeka hana haja ya kutafuta ulikoanzia. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa na Wizara ya Afya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini ana presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya Wakenya wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba ushahidi wa kuing'oa fikra hiyo umekuwapo kwa karibu miaka mia moja, na sehemu kubwa yake ilitoka katika miili ya Wakenya.

Mwaka 1929 jarida la tiba la The Lancet, huko London, lilichapisha ripoti fupi ya daktari wa serikali ya kikoloni aitwaye C. P. Donnison. Alikuwa akifanya kazi Kavirondo Kusini, upande wa Kisii na Nyanza ya kusini. Alikuwa amepima presha ya wanaume 1,000 wenye afya. Mpaka miaka arobaini, vipimo vyao vilikaribiana na vya Wazungu wa rika lao. Kuanzia hapo njia zikaachana. Presha ya Wazungu iliendelea kupanda kadiri miaka ilivyosonga, lakini ya wanaume wa Kavirondo haikupanda, bali ilielekea kushuka. Katika miaka miwili hospitali yake ililaza wagonjwa wapatao 1,800, naye hakumwona hata mmoja mwenye ugonjwa wa presha. Hao walikuwa babu zetu, waliozeeka wakiwa na mishipa ya kijana.

Donnison hakupima chumvi. Yeye aliona lawama ni ya maisha ya kisasa kwa jumla, na kwa miaka mingi wengi waliridhika na jibu hilo. Baadhi walikwenda mbali zaidi wakadai Mwafrika ana damu ya aina yake. Dai hilo lilivunjwa na majirani zetu wa kaskazini. Miaka ya 1960, A. G. Shaper, daktari wa Makerere, alifuatilia vijana wa Kisamburu walioandikishwa katika jeshi la Kenya. Nyumbani walilelewa kwa maziwa, nyama na damu ya ng'ombe, chakula chenye chumvi kidogo tu ya asili. Kambini walikula mgao wa jeshi wenye chumvi tele. Walikuwa vijana, wenye mazoezi, bila kitambi, na damu yao ilikuwa ile ile ya Kisamburu; hata hivyo baada ya kukaa jeshini presha zao zilipanda. Matokeo yalichapishwa mwaka 1969 katika jarida la tiba la Afrika Mashariki.

Kilichofuata kilihitaji watu wengi zaidi na kipimo kisichodanganya. Ukimwuliza mtu anakula chumvi kiasi gani, hawezi kukuambia. Hajui kilichomo kwenye mkate, na hakumbuki mkono wake ulichota mara ngapi. Figo zake zinajua. Takriban tisa kwa kumi ya chumvi yote tunayokula hutoka kwa mkojo, hivyo ukikusanya mkojo wote wa mtu kwa saa 24 na kuupima, umeipata siri ya sufuria yake. Watafiti wa mradi ulioitwa INTERSALT walifanya hivyo kwa watu zaidi ya 10,000, katika vituo 52 kwenye nchi 32, wakachapisha matokeo mwaka 1988. Vituo vinne vilijitenga kabisa na vingine: viwili vya wenyeji wa misitu ya Brazili, kimoja cha Papua New Guinea, na kimoja cha Waluo wa vijijini, hapa Kenya. Waluo hao walikula takriban gramu 3 za chumvi kwa siku. Kwingi katika vile vituo 48 vilivyobaki watu walikula kati ya gramu 6 na 12. Katika vituo vinne vya chumvi kidogo presha ilikuwa chini, na mtu alipozeeka haikupanda, au ilipanda kidogo sana.

Sasa mtu makini angeuliza: huenda kijijini kuna utulivu ambao mjini haupo? Huenda ni kazi za shamba, au hewa, au amani ya moyo? Swali hilo ndilo lililowatuma Neil Poulter na wenzake kuwafuata watu njiani. Katika kikundi hicho alikuwemo Mugambi, jina la pande zetu hizi, pamoja na watafiti kutoka Uingereza. Waliwapima vijana wa Kiluo waliokuwa wametoka kijijini kwenda Nairobi kutafuta maisha, wakawapima na wenzao waliobaki, kisha wakaendelea kuwapima kwa hadi miaka miwili. Matokeo yalitoka katika British Medical Journal mwaka 1990. Ndani ya mwezi mmoja tu wa kuishi Nairobi, presha ya wageni wa mji ilikuwa juu ya ile ya waliobaki. Mkojo wao ulieleza sehemu kubwa ya kisa: sodiamu, ambayo ndiyo kiini cha chumvi, ilikuwa imepanda, na potasiamu, madini yanayopatikana kwa wingi katika maharagwe, mboga na matunda, ilikuwa imeshuka. Uzito wao pia uliongezeka, na mapigo ya moyo yalikuwa ya kasi zaidi, kwa hiyo watafiti hawakuitwisha chumvi mzigo wote. Wasiwasi wa mji ulikuwa na fungu lake. Lakini mwezi mmoja! Hakuna anayezeeka kwa mwezi mmoja.

Aliyebaki na shaka alipewa jibu kutoka Gabon. Mwaka 1995 mwanasayansi wa Australia, Derek Denton, na wenzake walieleza jinsi walivyowaongezea sokwe chumvi hatua kwa hatua hadi gramu 15 kwa siku, huku kundi lingine likiendelea na chakula chake cha kawaida. Sokwe hawana karo ya kulipa wala deni la benki. Baada ya miezi 20, namba ya juu ya presha ya waliokula chumvi ilikuwa imepanda kwa 33. Chumvi ilipoondolewa, presha ilirudi ilikokuwa katika muda wa nusu mwaka.

Kwa nini vipande vidogo vyeupe viwe na nguvu hiyo? Maji ya mwili lazima yawe na chumvi kwa kipimo maalumu. Aliyewahi kutundikiwa dripu ya maji ya chumvi hospitalini ameingiziwa kipimo hicho: gramu 9 katika lita moja. Ukila chumvi kupita haja, mwili hauruhusu damu ikolee. Unakufanya uhisi kiu, unakunywa, na maji yanabaki ndani kuizimua. Kila gramu 9 zilizobakizwa huja na lita nzima ya maji. Damu inakuwa nyingi katika mishipa ile ile, moyo unasukuma zaidi, presha inapanda.

Kwa mtu mwenye figo nzima hali hiyo si ya kudumu. Figo huchuja takriban lita 180 za majimaji kila siku, na karibu zote huzirudisha mwilini, zikichagua cha kubakiza na cha kutupa. Zikiona chumvi imezidi, huitupa. Shida ni kwamba kwa wengi wetu zinaitupa polepole, na baada ya miaka ya kutupa kila siku zinahitaji msukumo mkubwa zaidi wa damu ili kufanya kazi ile ile. Mwili unaupandisha msukumo huo makusudi. Presha ya juu, katika hatua hii, ni gharama ambayo mwili unalipa ili uendelee kutoa chumvi. Na gharama hiyo inaharibu: kuta za mishipa hukakamaa na kuwa nene, chumba cha kushoto cha moyo hutanuka misuli, mishipa midogo ya ubongo huziba au kupasuka, na hapo ndipo mtu anaamka asubuhi upande mmoja wa mwili umekufa ganzi na mdomo umekwenda kombo. Vichujio vya figo navyo huumia, figo zinazidi kushindwa kutoa chumvi, presha inazidi kupanda. Haya yote hutokea bila maumivu. Anayesubiri kichwa kimuume ndipo akapimwe anaweza kusubiri mpaka siku ya kiharusi.

Watu hawalingani katika hili. Wako wanaokula chumvi nyingi na presha yao ikatulia, na wako ambao kijiko kimoja kinaonekana kwenye mashine. Umri, uzito, ugonjwa wa figo na ukoo vyote vina neno. Muguka, kwa anayetafuna, unapandisha presha kwa njia yake mwenyewe, na chumvi inaukuta kazini.

Sasa niseme jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wasomaji. Siku hizi kuna mahubiri kwamba ubaya wa chumvi ya mezani ni kule kusafishwa kwake kiwandani: kwamba weupe wake unatokana na dawa, na kwamba tukirudi kwenye chumvi ya mawe, au tukinunua ile ya rangi ya waridi inayouzwa ghali mijini, tutakuwa salama. Si kweli, na kwa watu wa milimani ni hatari.

Chumvi yetu nyingi hutoka pwani, Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi. Maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana, jua linayakausha, chumvi inabaki. Huvunwa, huoshwa, husagwa, hutiwa kiasi kidogo sana cha kitu cha kuizuia isigande. Weupe ni wa chumvi yenyewe. Ile ya waridi, inayotoka Pakistan, hupata rangi kwa chembe za chuma, na zaidi ya asilimia 95 yake ni kloridi ya sodiamu, sawa na ya pakiti ya dukani. Madini mengine yanayosifiwa yamo kwa kiasi kidogo mno. Kuyapata ya kutosha ungelazimika kula chumvi ya kukuua. Figo haziulizi sodiamu ilitoka Gongoni au Pakistan.

Kinachoingizwa kiwandani ndicho kinachotufaa: ayodini, ambayo wengine huiita madini joto. Mvua za maelfu ya miaka zimeiosha ayodini kutoka katika udongo wa milima, ikaishia baharini, na kinachoota katika udongo huo hakina ya kutosha. Ndiyo maana rovu, ule uvimbe wa shingoni, lilikuwa jambo la kawaida katika nyanda za juu za Kenya. Na shingo ni sehemu inayoonekana tu. Mama mjamzito akikosa ayodini, ubongo wa mtoto tumboni haukui ipasavyo, na hasara hiyo haifidiwi shuleni. Kenya ilianza kuongeza ayodini kwenye chumvi miaka ya 1970, na leo karibu kila nyumba nchini ina chumvi iliyotiwa ayodini. Hii ni moja ya kazi bora zaidi za afya ya umma katika historia ya nchi hii, na imefanyika kimya kiasi kwamba vijana wengi hawajui rovu ni nini.

Je, ukipunguza chumvi utakosa ayodini? Hesabu ni nyepesi. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka miligramu 30 hadi 50 za ayodini katika kila kilo ya chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai bila kilima. Katika gramu hizo 5 kuna mikrogramu 150 hadi 250 za ayodini, na mtu mzima anahitaji 150. Mjamzito anahitaji 250 hivi, kwa hiyo yeye ahakikishe chumvi anayotumia ni ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina ayodini, na azungumze na kliniki. Ayodini huruka kwa joto, jua na unyevu. Kopo la chumvi lisilo na kifuniko lililowekwa karibu na jiko la kuni linaipoteza kila siku. Lifunike, lisogeze mbali na moto, na chumvi uitie chakula kikikaribia kuiva.

Magadi ni habari nyingine. Wanaoyatia kwenye mahindi na maharagwe ili yalainike haraka hawahesabu kwamba wameongeza chumvi, maana ladha yake si ile ya chumvi. Lakini karibu asilimia 30 ya uzito wa magadi ni sodiamu, dhidi ya asilimia 39 katika chumvi yenyewe. Zaidi ya hayo, magadi huharibu vitamini B1 ya maharagwe, na mara nyingi huwa na floridi, ile inayoyafanya meno kuwa ya kahawia. Kuloweka maharagwe usiku kucha kunaokoa kuni vile vile, bila madhara hayo.

Narudi kwenye potasiamu, maana hapo ndipo Kanja ina bahati ambayo miji mingi haina. Potasiamu inapokuwa nyingi katika damu, figo hufungua mlango na kuiacha sodiamu itoke kwa mkojo. Inapokuwa haba, figo hushikilia sodiamu hata kama imezidi. Ndiyo maana watafiti wa wale vijana wa Kiluo waliyatazama madini yote mawili kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 za potasiamu kwa siku. Ndizi moja ya kiasi ina kama 400. Gramu 100 za maharagwe yaliyopikwa zina karibu 400, na nduma na parachichi za uzito huo zina zaidi kidogo. Sahani ya githeri yenye maharagwe mengi, kipande cha nduma asubuhi, nusu ya parachichi, mboga za kienyeji: hiki ndicho chakula ambacho madaktari wa nchi tajiri wanawaandikia wagonjwa wao wakinunue kwa bei kubwa, na sisi kinaota nyuma ya nyumba. Inanisikitisha kuona nduma zinapakiwa kwenye pikapu kwenda Nairobi ili tupate pesa ya kununua mkate.

Mkate wenyewe hubeba takriban gramu moja ya chumvi katika kila gramu 100. Mtu akimaliza robo ya mkate wa gramu 400 na chai ya asubuhi, ameshatumia gramu moja kati ya tano zake kabla hajaonja chumvi yoyote. Chipsi, soseji, kachumbari ya barabarani, vyote vinaongeza. Halafu kuna vile viungo vya pakiti na vipande vya kukolezea mchuzi. Soma orodha ya viambato kwenye pakiti: kinachotajwa kwanza ndicho kizito zaidi, na mara nyingi utaikuta chumvi mwanzoni mwanzoni. Ikiwa pakiti imetaja sodiamu, zidisha kwa mbili na nusu upate chumvi. Anayetia kiungo hicho kisha akatia chumvi juu yake ameunga mchuzi mara mbili.

Hata hivyo, tofauti yetu na Ulaya au Marekani ni kubwa na inatufaa. Kule sehemu kubwa ya chumvi imeshaingia katika chakula kiwandani kabla mlaji hajakigusa. Kijijini kwetu chumvi nyingi bado inatiwa na mkono wa mwenye jiko. Kwa hiyo inapimika. Siku unayofungua pakiti ya nusu kilo, andika tarehe juu yake. Kwa nyumba ya watu wazima watano, kila mmoja akila gramu 5, pakiti hiyo inapaswa kwenda siku 20, na zaidi ya hapo ikiwa mnakula mkate na viungo vya pakiti. Ikiisha kwa siku saba na hakuna iliyopelekwa kwa ng'ombe, kila mmoja wenu anakula karibu mara tatu ya kipimo. Hutahitaji mtafiti wala chupa ya mkojo kukuambia.

Si wanasayansi wote wanaokubaliana kwamba kila mtu ashuke chini ya gramu 5. Utafiti mkubwa wa mwaka 2014 uliojulikana kama PURE, ulioongozwa kutoka Kanada, ulidai kwamba waliokula chumvi kidogo sana nao walikufa zaidi kuliko wa katikati. Wapinzani wake walijibu kwamba chumvi ilikadiriwa kwa mkojo wa asubuhi moja badala ya saa 24, na kwamba mgonjwa hupoteza hamu ya kula, hivyo huonekana kula chumvi kidogo kwa sababu tayari ni mgonjwa. Mimi nawaona wapinzani wana hoja nzito. Kwamba kupunguza chumvi kunashusha presha, hilo pande zote mbili zinakubali. Feng He na Graham MacGregor wa London walikusanya majaribio ya muda wa wiki nne au zaidi mwaka 2013: kupunguza gramu 4.4 kwa siku kulishusha namba ya juu kwa kama 5 kwa wenye presha, na kama 2 kwa wasio nayo. Namba hizo zinaonekana ndogo kwa mtu mmoja. Kwa taifa lenye mamilioni ya wagonjwa, ni wodi nzima za kiharusi.

Ushahidi wa nguvu zaidi wa miaka ya karibuni ulitoka katika vijiji vya China vinavyopika kama sisi, chumvi ikitiwa nyumbani. Katika vijiji 600, watu karibu 21,000 waliowahi kupata kiharusi, au wenye umri wa miaka 60 na zaidi na presha ya juu, walifuatiliwa kwa takriban miaka mitano. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa kloridi ya potasiamu badala ya sodiamu. Huko kiharusi kilipungua kwa asilimia 14 na vifo kwa asilimia 12. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilianza kupendekeza chumvi ya aina hiyo, kwa tahadhari moja ninayoiweka hapa kwa herufi nzito moyoni mwangu: mwenye ugonjwa wa figo, au anayemeza dawa kama enalapril, losartan au spironolactone, asiiguse bila daktari kukubali, kwa sababu potasiamu ikizidi katika damu inaweza kuusimamisha moyo. Wajawazito na watoto pia hawamo katika pendekezo hilo.

Mazoea yana taabu, na ulimi una mazoea. Ukikata chumvi nusu kwa siku moja, wote nyumbani watalalamika na kopo litarudi mezani. Punguza kidogo kidogo kila wiki. Ulimi hujifunza upya kwa wiki chache, na baadaye mchuzi wa zamani ndio utakaoonekana mchungu. Limau, kitunguu saumu, tangawizi, dania na pilipili vinasaidia ulimi usione pengo. Wenye vibanda vya chakula pale sokoni wanaweza kuiondoa chumvi mezani na kumpa anayeiomba. Anayenyunyizia kabla ya kuonja ananyunyizia kwa mazoea tu. Dawa za presha zisiachwe, hata namba zikishuka, mpaka aliyeziandika aseme.

Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mashine ya presha, kwa hiyo si lazima kupanda matatu hadi Runyenjes au Embu ili kupimwa. Pima kabla ya kuanza kupunguza, na upime tena wiki nane baadaye. Fanya asubuhi, kabla ya chai na kabla ya muguka, ukiwa umeketi kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono umelazwa usawa wa moyo. Pima mara mbili, uache dakika moja katikati, na uandike namba zote, ya juu na ya chini, pamoja na tarehe. 140 kwa 90 na kuendelea, siku mbili tofauti, ni presha ya kwenda kutibiwa, uwe na miaka thelathini au themanini.